Basi la Kugeuza Nyumba Huchaguliwa Kuanzia Chini ya Sakafu

Mtu anayetafuta basi kuukuu la kugeuza kuwa nyumba ya magurudumu kwa kawaida huanza na mambo anayoyaona akiwa amesimama nje: rangi, umbo la uso, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi na injini inayonguruma vizuri. Mimi nimelala chali chini ya mabasi mengi, yangu na ya marafiki walioniomba niwasindikize kwenye ukaguzi, na kanuni ninayoishikilia ni moja: basi lichaguliwe kwa yale yasiyobadilika. Injini inaweza kufanyiwa ovahoo, giaboksi inaweza kubadilishwa, viti vitang'olewa na nyaya zote za ndani zitavutwa upya. Lakini kimo cha paa, uzito ambao ekseli zimeruhusiwa kubeba, mahali injini ilipokaa na afya ya chuma kinachoshikilia sakafu ni mambo unayoyanunua pamoja na basi, na utaishi nayo hadi siku utakayoliuza.

Mabasi yanayogeuzwa nyumba hutoka zaidi katika koo tatu, na kila ukoo uliundwa kwa kazi yake. Basi la shule la Marekani, lile la manjano linalotengenezwa na kampuni kama Blue Bird, Thomas Built na IC Bus, kimsingi ni chasisi ya lori iliyobebeshwa sanduku la chuma. Tangu Aprili 1977 kanuni za usalama za nchi hiyo zinataka paa la basi la shule listahimili mgandamizo ulio mara moja na nusu ya uzito wa basi likiwa tupu, na ndiyo maana ukitazama ndani yake utaona mbavu za chuma zinazopanda kutoka sakafuni, zikavuka paa na kushuka upande wa pili, huku mabati yakiwa yamefungwa kwa mistari mirefu ya ribiti. Ni bodi ngumu na rahisi kuielewa, na kwa kuwa chini yake kuna lori, fundi yeyote wa malori hatapata shida kuitengeneza. Upungufu wake ni kwamba halina buti kubwa la kuficha matangi na betri, springi zake za vyuma bapa hurusha watu, na mengi yamefungwa mwendo usiozidi kilomita 90 hadi 105 kwa saa.

Basi la safari ndefu ni kiumbe kingine kabisa. Hapa bodi yenyewe ndiyo chasisi: mabomba ya chuma ya mraba yameunganishwa kuwa fremu moja inayobeba injini, ekseli na abiria kwa pamoja, muundo ambao Setra, watengenezaji wa mabasi wa Ujerumani, walianza kuuuza mwaka 1951 na ambao leo umeenea karibu kila mahali. Faida zake kwa mtu anayetaka kuishi ndani ni kubwa mno. Sakafu iko juu, na chini yake kuna mabuti mapana yanayovuka kutoka ubavu hadi ubavu, ambamo matangi ya maji, betri na jenereta hukaa chini karibu na barabara, mahali panapolifanya basi litulie kwenye kona. Mifuko ya upepo iliyokaa mahali pa springi hulainisha safari, na injini iliyo nyuma humwachia dereva utulivu. Hata hivyo, huwezi kukata nguzo ya dirisha au bomba la sakafu kwa sababu tu limekuzuia kupitisha bomba la choo, kwa kuwa kila kipande kinasaidia kingine kubeba mzigo.

Basi la mjini lenye sakafu ya chini nalieleza kwa ufupi kwa sababu mara chache huwa jibu. Ni rahisi kuliingia, lakini matao ya magurudumu yake hula nafasi kubwa ya ndani, halina mahali pa kuweka kitu chini, na difu yake, yaani gia za ekseli inayosukuma basi, imepangwa kwa ajili ya kuondoka na kusimama, si kwa saa nyingi za barabara kuu. Likiwa linatumia gesi iliyogandamizwa, matangi yake yana tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa juu yake, na tarehe hiyo ikipita matangi hayo hayafai tena kujazwa. Mtu anayepanga kuliegesha mahali pamoja kwa miezi anaweza kuridhika nalo. Anayetaka kusafiri asijitese.

Kwa wanaoniuliza waziwazi nichague nini, husema hivi: ikiwa utatengeneza mwenyewe, utapita barabara mbovu na unataka spea zipatikane popote penye malori, tafuta bodi iliyokaa juu ya chasisi ya lori; ikiwa barabara zako ni za lami na safari zako ni ndefu, basi la safari lenye ekseli mbili ndilo linalostahili subira yako. Na katika kila ukoo, chukua fupi kuliko lile ulilokuwa unalifikiria. Basi la mita 12 linaonekana jema likiwa tupu kwenye uwanja mpana, lakini sehemu inayoning'inia nyuma ya ekseli ya mwisho hufagia upande wa pili kila unapokata kona kali, na hugusa ardhi kila unapovuka mtaro. Mita nane au tisa zinawatosha watu wawili waliopanga vizuri. Tena usiamini urefu ulioandikwa kwenye tangazo: pima sakafu kuanzia mgongo wa kiti cha dereva hadi ukuta wa nyuma, kwani kati ya mabasi mawili yenye urefu uleule wa nje, lenye injini mbele chini ya boneti na lenye injini nyuma hutofautiana sana kwa nafasi ya ndani.

Kimo cha ndani kinastahili kipimo cha utepe, wala si makadirio ya macho. Mabasi ya shule ya Marekani hupatikana zaidi kwa vimo viwili, takribani sentimita 183 na sentimita 198, vikipimwa katikati ya paa. Ukiongeza sentimita tatu za kuzuia joto na baridi sakafuni, sentimita moja na nusu ya mbao juu yake, na nne za dari, umekwisha kupoteza zaidi ya sentimita nane, na mtu wa kimo cha kawaida ataanza kuinamisha kichwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wapo wanaokata mbavu zote na kuinua paa, na wachache hufanya kazi safi. Mimi huona ni afadhali kutafuta basi refu kwenda juu kwa miezi kadhaa zaidi kuliko kukata zile mbavu ambazo ndizo sababu ya kulipenda basi hilo. Kimo cha nje nacho kina mipaka yake: katika nchi za Umoja wa Ulaya kipimo cha kawaida cha juu ni mita 4, na mabasi ya ghorofa ya Uingereza hupita mita 4.2, jambo linalomfunga mwenye nalo kwenye njia ambazo madaraja yake anayajua.

Sasa kutu, ambayo ningeipa nusu ya muda wote wa ukaguzi. Mabasi yaliyofanya kazi kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji huoza kutoka chini, na yaliyokaa karibu na bahari hufuata njia hiyohiyo polepole zaidi. Kutu ya juujuu, ile inayotoka kwa brashi ya waya na kuacha chuma chenye unene wake wote, hainitishi, kwani chuma chochote kilichokaa miaka ishirini nje kitakuwa nayo. Ninayoitafuta ni kutu inayojitenga kwa tabaka, inayomeguka kama maganda ya mti na kuacha upande wa pili ukionekana.

Vaa miwani ya kazi, chukua tochi, nyundo ndogo na bisibisi, hakikisha basi limezuiwa magurudumu, na usiingie chini ya basi la mifuko ya upepo ambalo halijawekewa vizuizi imara, kwa maana mifuko ikiishiwa upepo bodi hushuka bila kutoa taarifa. Ukiwa chini, fuata boriti kuu mbili za chasisi kwa macho kutoka mbele hadi nyuma, kisha rudi ukigonga kila boriti ndogo inayovuka chini ya sakafu. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkavu unaorudi mkononi; chuma kilichooza hutoa sauti fupi, butu, na vumbi jekundu hudondoka machoni. Mahali pa kwanza kuharibika ni nyuma ya magurudumu ya nyuma, ambako tairi hurusha maji na mchanga mwaka mzima, halafu ngazi za mlangoni, halafu pale springi zinaposhikana na chasisi. Ukikuta sehemu ya chini yote imepakwa lami nyeusi mpya inayong'aa, na muuzaji anaisifia kuwa kinga, gonga mara mbili zaidi. Rangi mpya chini ya basi kuukuu haina kazi nyingine inayonijia akilini kwa haraka ila kuficha.

Baada ya hapo ingia ndani. Sakafu nyingi za mabasi ya shule ni tabaka la plaiwudi lililokaa juu ya bati la chuma, na juu yake mpira mweusi uliogundishwa. Mpira huo hauyazuii maji yasipenye chini yake, lakini huyazuia yasitoke. Ninachofanya ni kuomba ruhusa ya kuinua kona moja karibu na tao la gurudumu la nyuma na nyingine chini ya dirisha lenye alama ya maji ukutani. Nimewahi kuinua kona ya namna hiyo katika basi lililokuwa limeoshwa na kung'arishwa hadi taa zinajionyesha sakafuni: plaiwudi ilitoka mkononi kama tumbaku mbichi, nyeusi, yenye harufu ya uyoga, na bati lililokuwa chini yake lilikuwa limekwisha kiasi kwamba niliona majani ya uwanjani. Kwa nje basi lile lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoegeshwa pale. Bati lililotoboka hapa na pale linaweza kuchomelewa viraka kwa kazi ya siku chache. Boriti zinazolibeba zikiwa zimekwisha, usinunue, hata muuzaji akipunguza bei mpaka ukaona haya kukataa. Kwa basi la safari pekua pia ndani ya mabuti, kwani mabomba yale ya mraba huoza kutokea ndani, na uvimbe mdogo wa rangi kwenye kona ya bomba mara nyingi ndiyo dalili pekee.

Madirisha na paa hukaguliwa mvua ikinyesha, au kwa kuomba mpira wa maji. Dirisha linalovuja hutengenezeka, lakini linakupa ramani ya pale utakapokuta kutu.

Kuhusu injini, watu hubishana sana, nami nina upendeleo nisiouficha. Napenda dizeli za zamani zenye pampu ya mitambo, kama Cummins 6BT ya lita 5.9, ambayo inahitaji dizeli safi, hewa na umeme kidogo tu ili iendelee kuzunguka. Napenda pia International DT466, yenye ujazo wa takribani lita 7.6, kwa sababu silinda zake zina slivu (kuta za ndani za silinda) zinazotolewa, hivyo fundi anaweza kuifanyia ovahoo bila kuishusha kutoka kwenye chasisi. Injini za baadaye ni safi zaidi kwa hewa tunayovuta sote, na hilo si jambo dogo, lakini mnunuzi ajue anachonunua. Nchini Marekani injini mpya za magari makubwa zilianza kuja na chujio la masizi kwenye ekzosi kuanzia mwaka 2007, na mfumo wa kunyunyizia urea, kimiminika cha kupunguza gesi chafu kwenye moshi, ukaenea mwaka 2010. Barani Ulaya kiwango cha Euro VI cha usafi wa moshi kilianza kuyabana magari makubwa mapya mwishoni mwa mwaka 2013. Chujio la masizi hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Basi lililotumika miaka yote kwa safari fupi za kusimama na kuondoka huenda lina chujio lililojaa, na kulibadilisha ni gharama kubwa. Kwa upande wa pili, miji mingi ya Ulaya ina maeneo ambayo dizeli za zamani haziruhusiwi au hutozwa kila siku, kwa hiyo anayeishi huko ana sababu nzuri ya kuchagua tofauti na mimi.

Vyovyote iwavyo, fika ukaikute injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji kabla kwamba hutaki aiwashe. Shika bloku kwa kiganja. Ikiwa na uvuguvugu, huenda ameiwasha mapema ili kuficha jambo, na una haki ya kurudi kesho. Injini baridi inayochelewa kushika, ikatoa moshi mweupe unaoendelea hata baada ya kupata joto, inazungumzia mgandamizo hafifu, nozeli mbovu au maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inazunguka: mvuke kidogo ni kawaida, lakini upepo unaosukuma kifuniko kutoka mkononi unaonyesha kwamba pistoni na ringi zimechoka. Kilomita peke yake hazitoshi kukuambia hali ya injini, kwa sababu mabasi hukaa yakinguruma yamesimama. Ukipata kipimo cha saa za injini, au daftari la matengenezo la kampuni iliyokuwa ikilitumia, umepata ushahidi bora kuliko namba za dashibodi.

Giaboksi husahaulika, na kwangu ina uzito sawa na injini. Mabasi mengi ya shule ya zamani yana Allison AT545, otomatiki ya gia nne isiyo na kufuli ndani ya kigeuza nguvu chake (sehemu inayopitisha nguvu ya injini kwenye gia kwa msukumo wa mafuta), maana yake ni kwamba mafuta yanaendelea kuteleza hata ukiwa kwenye gia ya juu, joto linapanda mlimani, na unapoteremka injini haikushiki vya kutosha. Allison MT643 ina kufuli hilo, na giaboksi za baadaye zinalo pia. Kwenye nchi ya tambarare tofauti hii unaweza kuivumilia. Kwenye milima ningeiacha AT545 na kutafuta basi jingine. Chomoa kipimo cha mafuta ya giaboksi uyanuse: mafuta mazima hayana harufu ya kuungua. Kisha endesha angalau nusu saa, sehemu ya muda huo kwa mwendo wa barabara kuu na sehemu ukipanda mlima, huku macho yako yakiwa kwenye mshale wa joto. Basi ambalo muuzaji anaruhusu lizungushwe uwanjani tu, mimi hulihesabu kuwa halijajaribiwa.

Breki za upepo zina jaribio lake ambalo halihitaji chombo chochote. Jaza matangi mpaka kompresa inyamaze, zima injini, achia breki ya kuegesha basi likiwa kwenye tambarare na limezuiwa magurudumu, kanyaga pedali kwa nguvu na usiinue mguu, kisha tazama mshale kwa dakika nzima. Vitabu vya leseni za magari makubwa vya Marekani vinaruhusu upungufu wa psi 3 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) kwa dakika moja kwa gari lisilo na tela. Ukiona mshale unashuka kwa kasi zaidi ya hapo, tega sikio: mvujo husikika kama pumzi, na msaidizi anayetembea kando ya basi anaweza kuuonyesha kwa kidole. Mipira na vali hubadilishika, kwa hiyo mvujo ni hoja ya kupunguza bei zaidi kuliko sababu ya kuondoka. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno) nzuri kwenye tairi ya miaka kumi na miwili isikudanganye, na kumbuka kwamba ni tairi sita kwa uchache.

Kabla ya kulipa, nenda kwa mamlaka ya usajili na kwa kampuni ya bima ukiwa na namba ya chasisi mkononi, uulize mambo mawili: gari hili litasajiliwaje likiisha kugeuzwa, na mimi nitahitaji leseni gani. Nchini Uingereza, kwa mfano, waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya Januari 1, 1997 kwa kawaida wanaruhusiwa hadi tani 7.5, na waliokuja baadaye hadi tani 3.5 tu, ilhali basi kubwa la safari lenye ekseli mbili linaweza kuidhinishwa kwa tani 18 au zaidi. Rangi pia ina sheria zake, kwani majimbo mengi ya Marekani hayataki basi lililokwisha kuacha kazi ya shule libaki la manjano.

Mwisho ni uzito, na hapa mabasi yana ukarimu kuliko magari mengine yanayogeuzwa nyumba. Basi la abiria 50 limehesabiwa kubeba watu wa wastani wa kilo 68 kila mmoja, yaani kilo 3,400, bado mizigo yao, na viti vikitoka unapata nafasi zaidi. Lita 300 za maji ni kilo 300, betri na mbao hupanda haraka kuliko mtu anavyotarajia, lakini kinachosumbua mara nyingi ni mgawanyo: tangi la maji, jiko na kabati zote zikikaa upande mmoja nyuma ya ekseli ya mwisho, ekseli hiyo inaweza kuzidiwa huku jumla ikiwa bado ndani ya kiwango. Kwa hiyo siku unayolichukua basi, pitia kwenye mizani upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, uandike namba hizo pamoja na uzito ulioidhinishwa kwenye kibati cha mtengenezaji, kisha rudi tena viti vikiisha kung'olewa, kabla hujaamua tangi la maji litakaa wapi.